Askari getini, na mtoto aliye tayari darasani

SWALI: Tunaishi Ohio, nina watoto wawili, mmoja yuko darasa la sita na mwingine sekondari. Majuzi mwanafunzi alikutwa na risasi kwenye begi, bila bunduki, akasimamishwa siku kumi. Sasa bodi ya shule imeitisha mkutano wa wazazi. Fedha zinatosha jambo moja tu: askari polisi wawili wa kukaa shuleni kutwa, au mwanasaikolojia mmoja na washauri wawili wa wanafunzi. Kuna mzazi anataka pia tununue kamera za kugundua silaha na walimu wapewe bastola, maana sheria ya jimbo inaruhusu. Mimi nimekulia mahali ambapo askari mwenye bunduki getini ni jambo la kawaida, na nikimwona moyo hutulia. Lakini mwanangu mkubwa ni mweusi, amerefuka kupita umri wake, na nina hofu juu yake pia. Nisimame upande gani?
Mama wa wawili, Ohio

JIBU: Mama, hofu zako zote mbili ni za kweli na nitazigusa zote. Ila kuna wazo moja lazima nilitoe njiani kwanza, kwa sababu linajitokeza karibu kila mkutano wa aina hii na limeharibu maamuzi mengi kuliko uhaba wa fedha. Ni lile wazo kwamba hatari iko nje ya uzio, inakuja, na kazi ya shule ni kuipokea getini kwa silaha.

Tazama wanaoshambulia ni akina nani. Mwaka 2002 Secret Service, idara inayomlinda rais wa Marekani, pamoja na Wizara ya Elimu ya nchi hiyo, walichapisha uchambuzi wa mashambulizi 37 yaliyofanyika shuleni kati ya 1974 na 2000. Washambuliaji walikuwa 41, na 95 katika kila 100 walikuwa wanafunzi wa shule ile ile. Katika visa vinane kati ya kumi, kulikuwa na mtu aliyejua mapema, mara nyingi rafiki, mwanafunzi mwenzake au ndugu. Theluthi mbili ya washambuliaji walitoa bunduki nyumbani kwao au kwa jamaa. Idara hiyo ilirudia kazi na kutoa ripoti nyingine mwaka 2019, safari hii juu ya mashambulizi 41 ya kati ya 2008 na 2017: washambuliaji wote, bila kubakiza hata mmoja, walikuwa wameshaonyesha mwenendo uliomtia mtu wasiwasi. Kikulacho ki nguoni mwako. Mtoto huyo haruki uzio usiku. Anashuka kwenye basi la shule saa moja na nusu asubuhi, begi mgongoni, na askari wa getini anampungia mkono kwa sababu anamfahamu.

Ndiyo maana shule zilizokuwa na askari zimo katika orodha ile ile ya misiba. Columbine, mwaka 1999, askari wa shule alirushiana risasi na washambuliaji, na mauaji yakaendelea. Parkland, mwaka 2018, askari wa shule alibaki nje ya jengo huku watu 17 wakiuawa. Uvalde, mwaka 2022, wilaya ya shule, yaani mamlaka inayoendesha shule za eneo, ilikuwa na kikosi chake cha polisi. Askari 376 wa idara mbalimbali walifika, na zikapita dakika 77 kabla ya mshambuliaji kukabiliwa. Walikufa watoto 19 na walimu 2. Halafu kuna Apalachee, Georgia, Septemba 2024. Pale askari wa shule walifanya walichofundishwa: walimkabili kijana ndani ya dakika chache, akajisalimisha. Hata hivyo watu wanne walikufa. Huo wa Georgia ndio mfano ambao ningetaka bodi yenu iutafakari, kwa sababu hauna uzembe wa askari wa kulaumiwa. Ripoti ya 2019 inaonyesha kwamba mengi ya mashambulizi haya huisha ndani ya dakika mbili au pungufu. Askari mmoja kwenye jengo lenye korido ndefu tano, awe shujaa namna gani, atawahi kuzuia kifo cha pili au cha tano. Cha kwanza kimeshampita.

Wanaobisha husema silaha ya askari inatia hofu, kwamba mtoto akiiona ataghairi. Hoja hiyo inamhusu mtu anayetaka kutoka akiwa hai. Katika uchambuzi wa 2002, zaidi ya robo tatu ya washambuliaji walikuwa wameshawaza au kujaribu kujiua. Mtu aliyekusudia kufa hapigi hesabu ya bastola ya askari. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 uliangalia visa 133 vya kuanzia 1980 hadi 2019 na kukuta vifo vikiwa mara 2.83 zaidi palipokuwa na mlinzi mwenye silaha, hata baada ya kuzingatia tofauti za shule. Tarakimu hiyo isitumiwe vibaya: haithibitishi kwamba mlinzi ndiye aliyesababisha vifo. Ila inatosha kumnyamazisha anayekuuzia mlinzi kama dawa.

Sasa kuhusu mwanao. Utafiti mwingine mpana uliotoka 2023, juu ya shule za Marekani, ulikuta kwamba askari wa shule hupunguza aina fulani za vurugu, hasa ugomvi wa ngumi. Hilo tusilidharau, ugomvi unaumiza watoto kila wiki. Lakini matukio ya bunduki hayakupungua, na papo hapo kusimamishwa shule, kufukuzwa na kukamatwa kuliongezeka, na watoto weusi ndio waliobeba mzigo mkubwa zaidi. Sababu haiko mbali. Kosa ambalo zamani lilimalizwa na makamu wa mwalimu mkuu kwa barua kwa mzazi, sasa lina mtu wa kuliandikia hati ya polisi. Mwaka 2014, huko Kentucky, jimbo jirani na lenu, askari wa shule aliwafunga pingu watoto wa miaka 8 na 9, wote wenye ulemavu. Kwa kuwa vifundo vyao vilikuwa vyembamba mno, pingu zikapandishwa juu ya viwiko, nyuma ya mgongo. Mwaka 2017 jaji wa shirikisho aliamua kwamba kitendo hicho kilivunja katiba. Hakuna aliyewapeleka askari katika shule hizo ili wakafunge watoto wa miaka minane. Walipelekwa kwa hofu ya bunduki, wakakuta utundu, wakautendea kwa zana walizokuwa nazo.

Jibu langu, basi: simama upande wa mwanasaikolojia na washauri. Lakini usisimame hivi hivi, maana upande huo nao una uongo wake. Mshauri anayeajiriwa kisha akapewa kazi ya kupanga ratiba za masomo, kusimamia mitihani na kuangalia watoto wakati wa chakula hamlindi mtu. Vyama vya taaluma hizi Marekani vinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250 na mwanasaikolojia mmoja kwa wanafunzi 500. Iulize bodi hesabu yenu ikoje baada ya kuajiri hao watatu, kisha uulize watafanya nini saa kwa saa. Kama jibu halina maneno “tathmini ya vitisho”, yaani kumpima mtoto aliyetisha ijulikane kama ana nia kweli, fedha zitaenda na hofu itabaki.

Hapa ndipo penye nyama ya jambo lote, na mfano mnao mkononi: kijana wa risasi kwenye begi. Nani amekaa naye? Sheria ya Ohio iliyopitishwa mwisho wa 2020 inazitaka shule za darasa la sita hadi la kumi na mbili ziwe na timu ya kutathmini vitisho na njia ya kutoa taarifa bila kujitaja. Kwa hiyo huombi hisani, unauliza kama sheria inatekelezwa. Kumsimamisha kijana siku kumi bila lolote lingine ni kumrudisha kwenye nyumba ambamo pengine ndimo iliko bunduki ya risasi zile, peke yake, mchana kutwa, akiwa na kinyongo kipya. Hiyo ni adhabu tu, na wiki mbili baadaye atakuwa amerudi.

Kazi yenyewe inaendeshwa hivi. Siku ile ile, watu wasiopungua watatu wanakutana: kiongozi wa shule, mtu wa afya ya akili na mtu wa vyombo vya usalama. Wanaandika maneno au kitendo chenyewe kama kilivyokuwa, neno kwa neno, maana “alitishia” na “alisema Ijumaa mtaniona” ni vitu viwili tofauti kabisa. Wanazungumza na mtoto, na aliyelengwa, na waliosikia, kila mmoja peke yake. Kisha wanaamua: je, ni hasira iliyotoka mdomoni ikaisha, inayoweza kumalizwa kwa maelezo na kuomba radhi, au kuna nia inayoendelea? Dalili za nia ni za kushikika: mpango wenye siku au mahali, jina la mlengwa, silaha inayofikika, kuwaambia wenzake wasije siku fulani, kumtafuta mtu wa kumsaidia. Nia ikiwepo, aliyelengwa na wazazi wake wanaarifiwa mara moja na mtoto hakai bila usimamizi. Vitisho vizito zaidi vinataka uchunguzi wa afya ya akili na wa polisi kwa pamoja.

Kisha linafuata swali ambalo watu huona aibu kuliuliza, nalo ndilo zito kuliko yote: nyumbani kuna bunduki? Iko wapi sasa hivi, imefungiwa kwa kitu gani, ufunguo au namba anazo nani, risasi ziko mahali tofauti? “Imefichwa chumbani kwetu” si jibu. Watoto wanajua kila kilichofichwa chumbani kwa wazazi. Jibu linalotosheleza ni sefu ya chuma ambayo mtoto hana namba yake, au bunduki kutoka nje ya nyumba kabisa kwa muda.

Mwisho ni mpango wa maandishi wenye jina la mtu mmoja anayewajibika, na tarehe za kumwangalia mtoto tena: baada ya siku tatu, wiki mbili, mwezi. Timu nyingi hufia hapa. Mkutano unafanyika, fomu inajazwa, hakuna anayerudi.

Ukitaka kuona inavyokuwa hatua hizi zikirukwa, soma juu ya Oxford High School, Michigan, 30 Novemba 2021. Asubuhi ile mwalimu alikuta mchoro wa bastola na maneno ya kutisha kwenye karatasi ya hesabu ya kijana. Mshauri alimwita, wazazi wakaitwa wakaja. Wazazi walikataa kuondoka naye. Begi halikupekuliwa. Kijana akarudishwa darasani, na bastola ilikuwa ndani ya begi lile lile lililokuwapo ofisini. Waliuawa wanafunzi wanne. Mwaka 2024 wazazi wote wawili walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia. Shule ilikuwa na mshauri na ilikuwa na askari. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza maswali mawili, la bunduki nyumbani na la begi mezani, akiwa na mamlaka ya kusema huyu harudi darasani leo.

Utaona nimemweka mtu wa usalama mezani. Askari ana nafasi yake, na wanaotaka afutwe kabisa nao wasome ripoti ya Secret Service ya 2021 juu ya njama 67 zilizozuiwa kabla ya kutekelezwa. Katika 21 kati ya hizo, askari wa shule alihusika ama kwa kutoa taarifa ama kuishughulikia, na mara nane yeye ndiye aliyeambiwa kwanza. Aliambiwa kwa sababu watoto walimwamini. Sikio lake ndilo lililofanya kazi. Kwa hiyo bodi ikikushindeni kura na ikaajiri askari, pambana juu ya makubaliano ya maandishi kati ya wilaya na idara ya polisi. Yaseme wazi kwamba askari haingilii nidhamu ya kawaida: kuchelewa, simu, matusi, mavazi, kuvuruga darasa. Yaseme mzazi anapigiwa simu kabla mtoto hajahojiwa kwa jambo la jinai, na umri na ulemavu vinazingatiwa kabla ya pingu kuguswa. Yaitake wilaya itangaze kila muhula ni wanafunzi wangapi wamekamatwa au kupewa hati, kwa kosa gani, kwa rangi na kwa ulemavu. Shule iwe na sauti katika kumchagua na uwezo wa kumwondoa. Mafunzo ya msingi ya askari wa shule yanayotolewa na chama chao cha kitaifa ni ya saa 40. Ambaye hajayapata asikanyage korido. Na mwanao mfundishe mapema sentensi moja ya adabu: “Nataka mzazi wangu awepo ndipo nijibu.”

Kuna jambo la bei ndogo kuliko yote haya, nalo husahauliwa kwa sababu halipendezi kwenye picha: mlango wa darasa. Tume iliyochunguza mauaji ya shule ya msingi ya Sandy Hook ya 2012 ilieleza kwamba hakuna tukio lililorekodiwa la mshambuliaji kuvunja mlango wa darasa uliofungwa kwa kitasa. Shule ile milango ilifungwa kwa ufunguo kutoka upande wa korido, maana yake mwalimu alipaswa kutoka nje kwenye hatari ili ajifungie. Uvalde, chumba kimojawapo walimokufa watoto kilikuwa na kitasa kilichojulikana kwamba hakikamati vizuri. Nenda shuleni kwenu kati ya vipindi, utazame kwa makini kile kibati cha fremu ambamo ulimi wa kitasa huingia. Mara nyingi utakuta kipande cha sumaku au kadibodi iliyokunjwa, imewekwa ili mlango usijifunge na mwalimu asisumbuliwe na wanaokwenda msalani. Kinachotakiwa ni kitasa ambacho kwa nje kimefungwa muda wote na kwa ndani hufunguka kwa kubonyeza mkono mara moja, bila ufunguo. Kioo kilicho karibu na kitasa kibandikwe karatasi angavu ya plastiki ya usalama, kisimpe mtu nafasi ya kupitisha mkono. Hesabu milango mingapi imezuiliwa wazi, uje na idadi hiyo mkutanini.

Usikubali vyuma vya kuzibia mlango vinavyouzwa kama mbadala wa kitasa. Chuma hicho humfungia mtoto dhaifu ndani na mwonevu wake, wazima moto wanaweza kushindwa kukiondoa wakiwa nje, na kanuni za moto kwa kawaida zinataka mtu atoke chumbani kwa tendo moja, bila zana wala ujuzi maalumu.

Hapo nakuja kwa yule mzazi wa kamera na bastola, na kwa wauzaji wanaomnong'oneza. Wafanyabiashara hawa hufuata misiba kama nzi. Kamera zinazodai kugundua bunduki: Januari 2025, katika shule moja ya Nashville, mfumo uliolipiwa fedha nyingi haukuiona bunduki iliyotumika kuua kwa sababu ya mahali kamera zilipokaa, Oktoba mwaka huo huo, kaunti ya Baltimore, mfumo wa namna hiyo uliona silaha katika pakiti ya vibanzi, na mvulana mweusi akapigishwa magoti na kufungwa pingu na askari wenye bunduki. Fikiria ni mwanao. Mabegi yanayoonyesha ndani: Parkland waliyalazimisha baada ya msiba, wakayaacha mwaka wa masomo ulipoisha. Kumwekea mwalimu bastola: sheria ya Ohio ya 2022 inaridhika na mafunzo yasiyozidi saa 24, kisha mtu huyo huyo afundishe hesabu akiwa na chuma kiunoni katika chumba cha watoto thelathini. Orodha za “sura ya muuaji” zinazouzwa kwenye semina za siku moja ndizo zinazonikasirisha zaidi, kwa sababu FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, mwaka 2000 na Secret Service mwaka 2002 walishasema hakuna sura hiyo. Orodha hizo huwakamata wapole wanaovaa nguo nyeusi na kumwacha mwenye mpango. Mazoezi ya kushtukiza yenye milio ya risasi ni ukatili tu. Huko Indiana, mwaka 2019, walimu walipigishwa magoti na kufyatuliwa risasi ndogo za plastiki wakati wa “mafunzo”. Watoto hujifunza kufunga mlango, kuzima taa na kunyamaza kwa maelezo ya utulivu, kama wanavyojifunza zoezi la moto.

Kila muuzaji akimaliza maonyesho yake, muulize kifaa chake kingefanya nini asubuhi ile ya Oxford, kijana akiwa ameketi ofisini na begi lake.

Na jambo moja la kufanya kabla ya mkutano. Tafuta namba au programu ya kutoa taarifa bila kujitaja ambayo wilaya yenu inapaswa kuwa nayo. Watoto huandika usiku, na mwishoni mwa wiki. Uliza ujumbe ukitumwa Jumamosi saa nne usiku unasomwa na nani, ndani ya dakika ngapi, na huyo mtu anampigia nani simu. Kama jibu ni “ofisi itauona Jumatatu”, mna sanduku la barua, na hilo ndilo la kwanza kusemwa siku ya mkutano, kabla hamjagusa habari za askari.